Ukoma wa vimelea vichache na ukoma wa vimelea vingi: kuamua mgonjwa apewe dawa za miezi 6 au za miezi 12

Mtumishi wa zahanati anapoketi mbele ya mtu mwenye baka lisilosikia mguso wa pamba, uamuzi unaomsubiri ni huu: je, aandike matibabu ya miezi 6 au ya miezi 12? Jibu linategemea aina ya ukoma alio nao mgonjwa, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani aina hizo ni mbili, yaani ukoma wa vimelea vichache, ambao kliniki nyingi huuita kwa kifupi PB, na ukoma wa vimelea vingi, unaoitwa MB. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtumishi huyo, na pia kwa ajili ya mgonjwa na jamaa zake wanaojiuliza kwa nini jirani mwenye ugonjwa uleule alimaliza dawa nusu mwaka mapema. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: dalili zikigongana, mgonjwa ahesabiwe upande wa vimelea vingi, kwa sababu kukosea upande huo humgharimu kidogo, na kukosea upande wa pili kunaweza kumgharimu mkono, mguu au macho.

Ieleweke kwanza kwamba kinachotofautisha aina hizi si bakteria. Ni ileile Mycobacterium leprae, ambayo daktari Gerhard Armauer Hansen aliitambua mjini Bergen, nchini Norwe, mwaka 1873. Ni jamaa wa karibu wa bakteria ya kifua kikuu, ila ni jamaa aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake: bakteria ya kifua kikuu ina jeni zipatazo 4,000, ilhali ya ukoma imebakiwa na takriban 1,600 zinazofanya kazi, na nyingine zaidi ya 1,000 zimesalia kama magofu. Kwa sababu hiyo haiwezi kuishi peke yake, wala hakuna maabara iliyofaulu kuiotesha katika chombo. Watafiti huikuza katika nyayo za panya, au katika armadilo wa bara la Amerika ambaye joto la mwili wake ni la chini. Bakteria ya kifua kikuu hugawanyika kila baada ya saa 20 hivi, na ya ukoma huchukua siku 12 hadi 14. Uzito huo wa mwendo ndio unaofanya dalili zichelewe kwa wastani wa miaka 5 tangu maambukizi, na kwa baadhi ya watu miaka 20 au zaidi, kiasi kwamba mgonjwa akiulizwa aliupata wapi ugonjwa, mara nyingi hana pa kuanzia.

Tabia mbili za bakteria hii zafaa kukumbukwa wakati wa kumpima mgonjwa. Ya kwanza ni kwamba hustawi penye ubaridi, karibu na nyuzi 30 za Selsiasi, ndiyo maana huonekana zaidi kwenye ndewe za masikio, puani, kwenye viwiko, magoti na vidole, na huwa nadra mahali pa joto kama makwapani na kichwani penye nywele. Ya pili ni kwamba huvamia neva za pembezoni, ikijificha ndani ya seli za Schwann zinazozifunika neva hizo, jambo ambalo bakteria nyingine za kawaida haziliwezi. Kwa maneno mengine, ukoma ni ugonjwa wa neva unaoonekana kwenye ngozi, na anayeitazama ngozi peke yake atakuwa ametazama nusu tu ya ugonjwa.

Sasa tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye kinga ya mwili wa aliyeambukizwa. Watu wapatao 95 kati ya 100 wana kinga ya asili inayowazuia kuugua kabisa hata wakiishi na mgonjwa. Kwa wachache waliobaki, ugonjwa hufuata nguvu ya kinga ya kila mmoja, na umbo lake huwa mahali fulani kwenye mstari mrefu wenye ncha mbili.

Kwenye ncha ya kwanza liko umbo la tuberkuloidi. Kinga ya mgonjwa huyu ni kali; seli zake za ulinzi huvizunguka vimelea na kuvibana, kwa hiyo vimelea hubaki vichache mno, hata darubini isivione. Ngozi yake huwa na baka moja, mawili au matatu, yenye ukingo uliochongoka wazi na mara nyingi ulioinuka, makavu, yasiyotoa jasho, yaliyopoteza vinyweleo, na yenye ganzi isiyo na shaka. Lakini ukali huohuo wa kinga ndio unaoiumiza neva iliyo jirani na baka, kwa sababu mapigano yanafanyika ndani ya neva yenyewe. Mgonjwa wa namna hii anaweza kupoteza nguvu za mkono mmoja mapema sana, ndani ya majuma au miezi, huku ngozi yake ikionekana safi karibu kote. Kwa hiyo jina la vimelea vichache lisimfanye mtu yeyote adhani kwamba madhara nayo ni machache.

Kwenye ncha ya pili liko umbo la lepromatusi, ambapo kinga ya mwili haivitambui vimelea hivi kama maadui, navyo huzaana bila kizuizi hadi kufikia mabilioni katika gramu moja ya ngozi. Hapa mabaka ni mengi, yamesambaa pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu, na kingo zake zimefifia hivi kwamba ni vigumu kusema baka limeishia wapi. Jambo linalopotosha watumishi wengi ni kwamba mwanzoni mabaka hayo huenda yasiwe na ganzi hata kidogo. Baadaye hutokea vinundu usoni na kwenye masikio, ndewe hunenepa, nyusi huanza kunyonyoka kuanzia ncha za nje, pua huziba au hutoa damu mara kwa mara, na miguu huvimba jioni. Neva huharibika polepole, lakini ni nyingi, za mikono yote miwili na miguu yote miwili. Naliona umbo hili kuwa gumu zaidi kulitambua mapema, kwa kuwa mtu mwenye baka moja lililokufa ganzi hujishtukia na kuja kliniki, ilhali mtu mwenye ngozi inayong'aa kidogo na pua iliyoziba anaweza kutibiwa mafua, mzio au mba kwa miaka miwili.

Kati ya ncha hizo mbili wako wagonjwa wengi kuliko walio kwenye ncha zenyewe. Mwaka 1966 madaktari D. S. Ridley na W. H. Jopling waliugawa mstari huu katika hatua 5: tuberkuloidi kamili, mpakani upande wa tuberkuloidi, mpakani katikati, mpakani upande wa lepromatusi, na lepromatusi kamili. Pembeni ya hatua hizo kuna ukoma usiojipambanua, ambao mara nyingi ni baka moja hafifu kwenye mwili wa mtoto. Mengi ya mabaka hayo hupona yenyewe, na mengine huendelea kuelekea mojawapo ya hatua nilizozitaja. Wagonjwa wa mpakani hawatulii. Kinga yao inaweza kupanda au kushuka, na kila inapobadilika ghafla neva hupata shida.

Hapa ndipo inapokutana mipango miwili tofauti ya kuugawa ugonjwa uleule. Mpango wa Ridley na Jopling una maelezo mengi: unamwambia daktari jinsi kinga ya mgonjwa ilivyo, na unamtahadharisha ni mmenyuko wa aina gani, yaani kinga kuamka kwa ghafla, anaoweza kuutarajia. Lakini unahitaji kukata kipande cha ngozi, mtaalamu wa kukisoma chini ya darubini, na muda. Mpango wa Shirika la Afya Duniani una maelezo machache, ila unahitaji mwanga wa kutosha, faragha, kipande cha pamba na vidole vinavyojua neva zilipo. Kwa hospitali ya rufaa na kwa utafiti ningechagua ule wa kwanza. Kwa zahanati ningechagua wa pili bila kusita, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa arudi baada ya majuma matatu kuchukua majibu ya kipimo ni mgonjwa anayeweza asirudi.

Kwa mujibu wa mpango huo wa pili, mwenye mabaka 1 hadi 5, asiye na neva iliyoathirika, na ambaye vimelea havikuonekana katika sampuli ya ngozi yake, ana ukoma wa vimelea vichache. Mwenye mabaka zaidi ya 5, au mwenye neva iliyoathirika hata kama mabaka ni machache, au ambaye vimelea vimeonekana katika sampuli yake hata kama ana baka moja, ana ukoma wa vimelea vingi. Kwa kulinganisha na mpango wa hatua 5, wengi wa walio mpakani katikati, mpakani upande wa lepromatusi na lepromatusi kamili huangukia upande wa MB, na waliosalia hugawanyika kulingana na hesabu ya mabaka na hali ya neva.

Hesabu hii inaonekana rahisi, ila hufanywa vibaya mara nyingi, na kosa karibu kila mara ni moja: mgonjwa hakuvuliwa nguo. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja na baka kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, na kadi yake ilikuwa tayari imeandikwa PB na mtu aliyempokea kabla yangu. Nilimwomba, "Baba, tuingie chumba cha ndani, uvue shati nikuangalie mgongo." Mgongoni na kiunoni kulikuwa na mabaka mengine sita ambayo hakuwahi kuyaona, kwa kuwa mtu hana macho kisogoni. Nilimwonyesha kwanza pamba akiwa anatazama, nikamgusa penye ngozi nzima ili ajue hisia ninayomtafutia, kisha nikamwambia, "Sasa funga macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole pale nilipokugusa." Nje ya baka alionyesha barabara kila mara. Ndani ya baka niligusa mara tatu, naye akaendelea kusubiri kwa utulivu, halafu akaniuliza, "Umeshaanza, mwanangu?"

Neva nazo hazipimwi kwa macho. Ile iliyo nyuma ya kiwiko, upande wa kidole kidogo, hupapaswa mkono ukiwa umekunjwa kidogo, na hulinganishwa na ya mkono wa pili. Ikiwa imenenepa kama kamba au mgonjwa akishtuka kwa maumivu, hiyo imeathirika. Vivyo hivyo kwa neva ya shingoni chini ya sikio, ya nje ya goti, na ya nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Baada ya kupapasa, mgonjwa aambiwe afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole kidogo, asimamishe kidole gumba, na ainue unyayo, huku mpimaji akipinga kila tendo kwa kidole chake. Dakika kumi zinatosha. Mwenye baka moja na neva moja iliyonenepa si wa miezi 6, na kama neva hazikuguswa kwa vidole, hesabu ya mabaka peke yake itampeleka huko.

Kipimo cha sampuli ya ngozi kina nafasi yake. Ngozi ya ndewe hubanwa kwa vidole mpaka damu iondoke, ikachanjwa kidogo kwa wembe wa hospitali, na majimaji yake yakapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi nyekundu ambayo vimelea hivi huishikilia hata vikioshwa kwa asidi. Matokeo hutolewa kwa alama kuanzia 0 hadi 6. Alama 1 maana yake ni vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya darubini, na alama 6 ni zaidi ya 1,000 katika kila eneo. Faida yake kubwa ni kwa yule mwenye dalili za lepromatusi zisizo na ganzi, ambaye pamba haitamgundua. Udhaifu wake ni kwamba jibu la sifuri halimwondolei mtu ukoma: wenye umbo la tuberkuloidi karibu wote hupata sifuri. Kwa hiyo jibu chanya linaamua, na jibu hasi haliamui chochote likiwa peke yake.

Upande wa dawa, tofauti imepungua. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa tatu zilezile kwa aina zote mbili, ilhali awali wenye vimelea vichache walipewa mbili bila klofazimini. Mtu mzima humeza rifampisini miligramu 600 na klofazimini miligramu 300 mara moja kwa mwezi mbele ya mtumishi, kisha nyumbani humeza kila siku dapsoni miligramu 100 na klofazimini miligramu 50. Dawa huja katika pakiti za siku 28, nazo hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Mwenye PB anatakiwa kumaliza pakiti 6 katika muda usiozidi miezi 9, na mwenye MB pakiti 12 katika muda usiozidi miezi 18. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya rifampisini, na kwamba klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi, weusi unaofifia taratibu baada ya kumaliza dawa. Nimeona watu wakiacha matibabu kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo. Dapsoni yaweza kupunguza damu, na ikimletea mtu vipele mwili mzima pamoja na homa, isimamishwe siku hiyohiyo. Mwenye kifua kikuu pia hahitaji rifampisini ya mwezi, kwa sababu tayari anaimeza kila siku katika dawa za kifua kikuu, ila nyingine mbili aendelee nazo.

Tuweke basi makosa mawili kwenye mizani. Mwenye vimelea vichache akiandikwa MB, atameza dawa miezi 6 zaidi, atakuwa na ngozi nyeusi kwa muda mrefu zaidi, na atafunga safari sita zaidi za kliniki. Huo ni usumbufu wa kweli kwa mkulima anayeishi mbali. Mwenye vimelea vingi akiandikwa PB, ataacha dawa wakati mwili wake ungali na vimelea hai, ataamini kwamba amepona, na ugonjwa unaweza kurudi miaka kadhaa baadaye ukiwa kwenye neva zilezile. Kwangu mizani hiyo hailingani, ndiyo maana nasema mashaka yaamuliwe upande wa MB.

Kuhusu kuambukiza, wasiotibiwa wenye vimelea vingi ndio chanzo kikuu, hasa kupitia majimaji ya puani, na wenye vimelea vichache huambukiza kwa nadra. Dozi ya kwanza ya rifampisini huua sehemu kubwa mno ya vimelea, na muda mfupi baada ya kuanza dawa mgonjwa wa aina yoyote haambukizi tena. Zamani jibu lilikuwa utengano. Katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi, nchini Uganda, kituo cha wenye ukoma kilianzishwa mwaka 1931. Leo hakuna aina inayomtaka mtu ahame nyumbani kwake, abadilishiwe sahani au atengewe kitanda. Linalotakiwa ni watu wa nyumbani kwake wapimwe wote, na wasio na dalili za ukoma wala za kifua kikuu wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga, ambayo katika utafiti uliofanyika Bangladesh ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo.

Jambo la mwisho ambalo aina ya ugonjwa hulibashiri ni mmenyuko, yaani kinga kuamka kwa ghafla kabla, wakati au baada ya matibabu. Kwa walio mpakani hutokea mmenyuko wa aina ya kwanza: mabaka ya zamani huvimba na kuwa mekundu, na neva huuma au hupoteza nguvu. Kwa wenye lepromatusi na mpakani upande wa lepromatusi hutokea mmenyuko wa aina ya pili: vinundu vipya vyekundu vyenye maumivu, homa, viungo kuuma, wakati mwingine macho au korodani kuvimba. Yote miwili ni dharura, na dawa ya ukoma haisimamishwi kwa sababu ya mmenyuko. Mgonjwa huongezewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo. Neva iliyoharibika kwa chini ya miezi 6 ina matumaini ya kurudi, na kila juma linalopita hupunguza matumaini hayo.

Mgonjwa akirudi na mabaka miaka miwili baada ya kumaliza dawa, mtumishi atakuwa na uchaguzi mwingine: ni ugonjwa umerudi, au ni mmenyuko uliochelewa? Mmenyuko huja kwa siku chache, huamsha mabaka ya zamani na mara nyingi huambatana na homa au maumivu ya neva, na kwa kawaida huwa ndani ya miaka 3 tangu dawa kuisha. Kurudi kwa ugonjwa huja polepole, kwa mabaka mapya mahali papya, bila homa, na mara nyingi baada ya muda mrefu zaidi. Ikishindikana kutofautisha, mgonjwa apewe prednisoloni na apimwe upya baada ya majuma 4: akipata nafuu ya wazi, ulikuwa mmenyuko, asipopata, achukuliwe sampuli ya ngozi, na vimelea vikionekana vimeongezeka, aanze upya pakiti 12.